Sumu ya Josho: Bakteria Wanavyoishi na Aseniki, Penye Hewa na Pasipo Hewa

Mwaka 1918, katika kituo cha utafiti wa mifugo cha Onderstepoort karibu na Pretoria, mkemia H. H. Green alichapisha taarifa juu ya bakteria wawili aliowapata ndani ya josho la ng'ombe. Josho hilo lilikuwa na maji ya aseniki, sumu iliyotiwa humo kwa kusudi la kuua kupe. Bakteria wa kwanza aliichukua sumu ikiwa katika umbo lake kali akaigeuza kuwa umbo lenye nafuu kidogo. Wa pili alifanya kinyume: alilichukua umbo hilo la pili akalirudisha kwenye ukali wake. Wote wawili walikuwa hai, tena wamestawi, katika maji ambayo bilauri moja tu ingetosha kumuua mtu mzima.

Habari hiyo ya Pretoria ina mizizi yake Afrika Mashariki. Ugonjwa uliowafanya wafugaji wa kusini wajenge majosho kwa wingi ni ndigana kali, nao ulitoka pwani ya huku. Robert Koch aliviona vijidudu vyake katika damu ya ng'ombe wa Dar es Salaam mwaka 1897, akavidhania kuwa ni vya ugonjwa mwingine. Miaka michache baadaye, kwenye 1901 na 1902, ng'ombe waliosafirishwa kutoka pwani hiyo kupitia bandari ya Beira waliupeleka Rhodesia, na kutoka huko ukashuka kusini ukiteketeza mazizi. Mwaka 1904 Charles Lounsbury alithibitisha kwamba anayeueneza ni kupe wa kahawia, yule apendaye kujificha sikioni mwa mnyama. Chanjo haikuwapo, wala tiba. Kilichobaki ni kuogesha ng'ombe kila baada ya siku chache katika maji yenye aseniki, gramu moja hadi mbili hivi kwa lita. Utaratibu huo ulienea toka Natal hadi Kenya na Tanganyika, ukadumu mpaka dawa nyingine, toksafeni ikiwa mojawapo, zilipoingia baada ya Vita Vikuu vya Pili. Kufikia wakati huo, kusini mwa Afrika hata kupe walikuwa wameanza kuizoea aseniki.

Anayekaa Bungu, juu kwenye Usambara ya Magharibi penye udongo mwekundu na migomba, huenda akaona kuwa majosho ni habari za watu wa chini. Ni kweli kwa kiasi. Josho ni la tambarare za Korogwe, na zaidi la Handeni, ng'ambo ya Mto Pangani, kwenye makundi ya ng'ombe. Ila maji ya milimani huteremkia huko huko bondeni. Bondeni kuna majaruba ya mpunga, kama yale ya skimu ya Mombo. Na Handeni kuna dhahabu, iliyowavuta wachimbaji wadogo hadi Magambazi katika miaka ya 2000. Josho, jaruba na shimo la dhahabu ndizo sehemu ambazo wanasayansi wa aseniki, popote walipo duniani, huzikimbilia kwanza. Katika kila moja yao bakteria ndio wanaoamua sumu ikae wapi na iwe kali kiasi gani, nao huongozwa na jambo moja: kuwapo au kutokuwapo kwa oksijeni.

Kwanza, kemia kidogo, maana bila hiyo mengine hayaeleweki. Aseniki ni elementi, ya 33 katika orodha. Kwa kuwa ni elementi, haiozi wala haiungui ikaisha. Dawa nyingi za shambani huvunjika hatimaye zikawa kitu kingine. Aseniki iliyomwagwa josho mwaka 1930 ingali aseniki leo. Kinachobadilika ni umbo lake. Ndani ya maji hupatikana hasa katika maumbo mawili. La kwanza, asenaiti, hupatikana pale ambapo oksijeni ni haba. Ni kali, na husafiri kirahisi pamoja na maji. La pili, aseneti, ndilo hushika nafasi penye hewa ya kutosha. Ukali wake ni mdogo zaidi, na hupenda kunata kwenye kutu ya chuma iliyomo udongoni. Kwa hiyo mtu akiuliza iwapo bakteria fulani "husafisha" aseniki, jibu la kweli ni kumuuliza yeye: kwa faida ya nani?

Aseneti huingia mwilini mwa bakteria kwa sababu inafanana mno na fosfeti, ambayo kila kiumbe anaihitaji. Milango ya fosfeti haiwezi kuzitofautisha vizuri, hivyo sumu hupita. Ikiisha kuingia, hukaa mahali pa fosfeti katika utengenezaji wa nishati, lakini kiungo kinachoundwa huvunjika hapo hapo na kazi yote ikapotea bure. Asenaiti nayo hupitia mlango mwingine, ule wa gliseroli, kisha hung'ang'ania vile vipande vya protini vyenye salfa na kuvifunga visifanye kazi. Binadamu naye huumia kwa njia hizo hizo mbili. Akinywa kidogo kidogo kwa miaka mingi, ngozi hupata madoa na viganja na nyayo hukakamaa, na baadaye saratani ya ngozi, ya kibofu au ya mapafu inaweza kufuata.

Bakteria hawezi kuifunga milango hiyo, kwa kuwa bila fosfeti atakufa. Anachofanya ni kuitoa sumu kila inapoingia, kama mvuvi anayekumba maji ndani ya mtumbwi unaovuja huku safari ikiendelea. Chombo chake cha kukumbia ni pampu ya protini iliyopachikwa kwenye utando wa seli. Jeni za kazi hii hukaa pamoja katika kundi moja, nazo zilianza kuchunguzwa kwa makini tangu 1968, Richard Novick na mwenzake walipoonyesha kwamba bakteria wa majipu, *Staphylococcus aureus*, hubeba uwezo wa kuhimili aseniki kwenye plasmidi, yaani kipande kidogo cha jeni kinachoweza kuhama toka bakteria mmoja hadi mwingine. Watafiti Barry Rosen na Simon Silver wakaufanya uchunguzi huo kuwa kazi ya maisha yao. Ilikuja kujulikana kwamba kundi hilo lina mlinzi: protini inayozilaza jeni hizo usingizi wakati sumu haipo, na kuziachia papo hapo inapoigusa. Bakteria hagharamii pampu asiyoihitaji.

Lakini pampu hiyo ina tabia ya ajabu. Hutoa asenaiti tu. Aseneti, ile yenye nafuu, haiwezi kutolewa nayo. Basi bakteria ana kimeng'enya kinachoichukua aseneti na kuigeuza kuwa asenaiti, yaani kutoka ubaya mdogo kwenda mkubwa, ili tu ipite kwenye pampu. Yeye anapona. Maji yaliyomzunguka yanabaki makali kuliko yalivyokuwa. Na hili hutendeka hata penye oksijeni tele, kwa hiyo si haki kuilaumu hewa peke yake wala kuisifu peke yake.

Wapo wengine, jamaa za yule wa kwanza wa Green, wanaofanya kazi inayompendeza binadamu. Wanaichukua asenaiti na kuigeuza kuwa aseneti kwa kutumia oksijeni. Mwaka 1949 A. W. Turner alitangaza katika jarida la *Nature* kwamba amewapata bakteria wa namna hiyo katika majosho ya Queensland, Australia. Bakteria kama hao wanaeleza kwa nini dawa ya josho hupungua nguvu ilhali kipimo cha aseniki yote ndani ya maji hakijabadilika. Sumu ilikuwapo, ila imegeuzwa umbo, na aseneti haimwui kupe sawasawa. Kimeng'enya cha bakteria hao kina madini ya molibdenamu katikati yake. Wengi wao huitumia kazi hiyo kama kinga tu. Wachache, kama yule aliyepewa jina NT-26, aliyetolewa kwenye mgodi wa dhahabu kaskazini mwa Australia na kuelezwa mwaka 2000, huila asenaiti kama chakula: huchota nishati ndani yake na kujijenga kwa kaboni ya hewani, na NT-26 huongezeka maradufu kwa muda wa saa 7.6.

Sasa tushuke chini ya josho lile lile, kwenye tope la kinyesi lililotuama. Huko oksijeni imekwisha, maana bakteria wengine wameshaitumia kuozesha uchafu. Kiumbe anayekaa humo anahitaji kitu cha kupumulia badala ya oksijeni, na aseneti inafaa. Wanasayansi hawakulijua jambo hili mpaka 1994, Dianne Ahmann na wenzake walipoeleza bakteria wa Massachusetts, Marekani, anayepumua aseneti kama sisi tunavyopumua oksijeni, na kuiacha ikiwa asenaiti. Miaka miwili baadaye akaelezwa mwingine, *Chrysiogenes arsenatis*, kutoka mgodi wa dhahabu wa Ballarat, Australia. Hawa hawajihami tena. Wanaishi kwa sumu hiyo. Na kwa kuwa tope halikosi chakula cha kuozesha, wanaweza kuifanya kazi hiyo mwaka mzima bila kupumzika.

Bado kuna la kushangaza zaidi, nalo linatoka Ziwa Mono la California, ziwa la chumvi na magadi la jamii moja na Natron yetu. Humo Ronald Oremland na wenzake walimpata bakteria MLHE-1, waliyemweleza mwaka 2002, ambaye huigeuza asenaiti kuwa aseneti bila hata chembe ya oksijeni, akitumia naitreti badala yake. Mwaka 2008 wakaonyesha pia kwamba utando wa bakteria kwenye chemchemi za moto za ziwa hilo hutumia asenaiti katika usanisinuru, kama majani yanavyotumia maji. Ni ziwa hilo hilo lililozaa kelele za Desemba 2010, pale watafiti waliokuwa wakifadhiliwa na NASA walipodai kumpata bakteria aliyejenga DNA yake kwa aseniki badala ya fosforasi. Maabara nyingine zilirudia kazi hiyo, na kufikia 2012 dai lilikuwa limeanguka: bakteria yule alikuwa mvumilivu mno wa aseniki na hodari mno wa kuokota fosfeti kidogo iliyopo, basi. Jarida la *Science* liliiondoa makala hiyo rasmi mwaka 2025. Ilichukua muda mrefu kuliko ilivyostahili.

Njia ya tatu ya kujikinga, baada ya pampu na kuigeuza asenaiti kuwa aseneti, ni kuivisha aseniki vikundi vya methili. Mtaliano Bartolomeo Gosio aliligundua jambo hili katika miaka ya 1890 alipochunguza karatasi za ukutani zilizopakwa rangi ya kijani yenye aseniki: ukungu uliomea juu yake ulitoa gesi yenye harufu ya kitunguu saumu. Bakteria nao hufanya hivyo. Mwaka 2006 kikundi cha Rosen kilichukua jeni ya kazi hiyo toka kwa bakteria wa matope, kikaipandikiza kwa mwingine asiyevumilia aseniki, naye akavumilia. Hapa ndipo oksijeni inapoleta tofauti kubwa. Penye hewa, aseniki iliyovishwa methili huishia katika umbo ambalo halidhuru sana. Pasipo hewa, hatua ya kwanza ya kuivisha huzaa kitu kikali kuliko asenaiti yenyewe. Rosen na wenzake wanaona kwamba kabla oksijeni haijajaa angani, kama miaka bilioni 2.4 iliyopita, bakteria wa kale walikitumia kitu hicho kuwaua majirani zao, na kwamba hewa ilipokuja silaha ikageuka kinga. Ni wazo zuri, na jeni walizozilinganisha zinaliunga mkono.

Kilichowatokea watu wa Bangladesh kinaonyesha gharama ya kutoyajua haya mapema. Kuanzia miaka ya 1970 visima vya pampu vilichimbwa huko kwa mamilioni, kwa nia njema kabisa, ili watu waache kunywa maji ya madimbwi yenye kipindupindu. Maji yalikuwa maangavu na hayana wadudu. Lakini chini ya ardhi ile mchanga wa mito umefunikwa na kutu ya chuma iliyoishika aseniki, na ndani yake mna masalia ya mimea yanayooza pasipo hewa. Bakteria wa huko hupumua ile kutu yenyewe. Kutu ikiyeyuka, aseniki huachiwa majini. Mwaka 2004 watafiti wa Manchester walilithibitisha hilo kwa mchanga wa Bengali Magharibi ndani ya maabara. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeshachapisha mwaka 2000 makadirio ya watu milioni 35 hadi 77 walio hatarini. Jaruba la mpunga lililojazwa maji kwa wiki kadhaa hupitia mkondo huo huo: udongo hukosa hewa, bakteria huanza kupumua kutu, na mpunga, ambao mizizi yake huingiza asenaiti kwa njia inayopitishia silika, hukusanya aseniki kuliko mahindi au ngano. Wakulima wanaokausha jaruba kwa vipindi kabla ya kulijaza tena hupunguza aseniki hiyo kwenye punje, na maji wanaokoa pia.

Tanzania ina kisa chake, na kiko zaidi Kanda ya Ziwa. Miamba ya dhahabu ya Geita na Mara ina asenopairiti, jiwe la chuma, salfa na aseniki, ambalo likisagwa kwenye karasha na kuachwa nje kwenye marundo ya marudio hukutana na hewa, mvua na bakteria kwa pamoja. Gabriel Kassenga na Rubhera Mato wa Chuo Kikuu cha Ardhi walipima vyanzo vya maji vya maeneo ya migodi ya Bonde la Ziwa Victoria na kuchapisha matokeo mwaka 2008. Elias Nyanza wa chuo kikuu cha Bugando, Mwanza, na wenzake walifuatilia wajawazito katika jamii za wachimbaji wadogo, na mwaka 2020 wakaonyesha uhusiano kati ya aseniki na zebaki mwilini mwa mama na matatizo ya uzazi kama mimba kuharibika na mtoto kuzaliwa kabla ya wakati. Mazungumzo ya migodini kwa kawaida ni ya zebaki tu, kwa kuwa zebaki huonekana na hununuliwa. Aseniki hainunuliwi na mtu. Inatoka na jiwe.

Kassenga na Mato hawakuishia kwenye kupima. Walijaribu kuichuja aseniki kwa udongo mwekundu wa Tanzania, ule uliojaa oksidi za chuma na alumini, baada ya kuuimarisha usiyeyuke majini. Udongo huo uliishika aseniki. Mkazi wa Bungu anaukanyaga udongo wa jamii hiyo kila siku. Kuna sharti lakini, nalo limeshaelezwa: chuma hushika aseneti vizuri kuliko asenaiti, hivyo maji ya kisima kirefu yanapaswa kupata hewa kwanza, na hapo bakteria wanaogeuza asenaiti penye oksijeni huwa wasaidizi wa bure katika chujio la mchanga. Chujio hilo hilo likiachwa lijae uchafu na likose hewa, kutu yake huanza kupumuliwa na kuachia ilichokusanya. Kilichochujwa nacho hakitupwi mtoni.

Kuhusu majosho ya zamani, mifano ya nje inatosha kumtia mtu tahadhari. Kaskazini mwa New South Wales, Australia, serikali imeorodhesha zaidi ya majosho 1,600 ya zamani. Florida, Marekani, inakadiriwa yalijengwa kama 3,400. Huko Vhembe, Limpopo, utafiti uliochapishwa 2014 ulikuta mabaki ya aseniki kwenye udongo unaozunguka majosho ambayo dawa hiyo ilikoma kutumiwa miongo mingi nyuma. Maji yaliyochirizika toka kwa ng'ombe na tope lililochotwa chini ya josho na kumwagwa kando ndivyo vilivyoibeba. Dawa zinazotumika leo katika kampeni za uogeshaji nchini si za aseniki, na hakuna sababu ya mfugaji wa Handeni kuliogopa josho lake jipya. Linalofaa kuchunguzwa ni lile kongwe lililoachwa, ambalo pengine sasa lina shamba la mchicha pembeni, au ambalo udongo wake wenye rutuba ya kinyesi unachotwa kwenda kufyatulia matofali.

Viongozi wa vijiji na kamati za maji za Korogwe na Handeni wanaweza kufanya mambo mawili bila kungoja mradi mkubwa. Wazee wanaokumbuka majosho ya enzi ya mkoloni yalikuwa wapi waulizwe na sehemu hizo ziandikwe, ili pasichimbwe kisima wala bustani hapo kabla udongo haujapimwa. Na kila kisima kirefu kinapochimbwa, hasa karibu na machimbo ya dhahabu, aseniki iwemo kwenye orodha ya vipimo vinavyoombwa maabara za ubora wa maji pamoja na floridi na chumvi. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani tangu 1993 ni mikrogramu 10 kwa lita, kiasi ambacho ulimi hauwezi kukionja na jicho haliwezi kukiona. Kuchemsha maji hakusaidii hapa: huua bakteria, maji yakapungua kwa mvuke, na aseniki yote ikabaki sufuriani.